Haki ya Kughairi: Maneno kwa Wanaotafuta Nyumba ya Kununua

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja, na asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nieleze namna ya kusoma ripoti ya ukaguzi wa nyumba, na nitaeleza. Ila lililonifanya nikubali mwaliko huu ni yale yanayotokea ripoti ikishasomwa. Mtu ameletewa ripoti, ameona mwenyewe kwamba nyumba ina ugonjwa mkubwa, na bado anashindwa kutamka neno "sinunui". Katika kazi yangu ya ukaguzi nimewaona wengi wa namna hiyo, watu wazima wenye akili timamu, na kila mara inaniuma. Kwa wengi wetu nyumba ndiyo deni kubwa kuliko yote tutakayobeba maishani. Kubeba deni la namna hiyo kwa sababu tu umeona haya kurudi nyuma ni hasara isiyo na sababu.

Ripoti ya ukaguzi ina nguvu kwa siku chache tu, zile ambazo mkataba bado unakuruhusu kughairi na kurudishiwa pesa yako. Siku hizo zikipita, karatasi ni zile zile na nyufa ni zile zile, lakini mwenye nyufa sasa ni wewe.

Kwa hiyo nitaanza na mkataba, ingawa mimi ni mtu wa majengo na si wakili.

Sheria za nchi hazifanani. Uingereza na Wales mnaweza kuwa mmekubaliana bei na kupeana mikono, lakini mpaka mawakili wa pande mbili wabadilishane mikataba rasmi, kila upande uko huru kujitoa. Ndiyo maana kule ukaguzi hufanywa mapema. Ukishavuka hatua hiyo, ile arubuni, yaani pesa ya awali unayoweka kuthibitisha kwamba utanunua, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10 ya bei, iko hatarini. Ufaransa, anayenunua nyumba ya kuishi ana siku 10 za kughairi baada ya kupokea mkataba wa awali, bila kudaiwa sababu yoyote. New South Wales, kule Australia, ni siku 5 za kazi, na anayejitoa hupoteza robo ya asilimia moja ya bei. Ukinunua kwenye mnada, siku hizo hazipo kabisa. British Columbia, jimbo la Kanada, lilianza kutoa siku 3 za kazi mwezi Januari 2023, kwa gharama hiyo hiyo ya robo ya asilimia. Marekani, kwa sehemu kubwa, njia ya kutokea ni kipengele ulichoomba mwenyewe kiandikwe, kwamba ununuzi utategemea matokeo ya ukaguzi. Usipokiomba, huna.

Nawatajia hizi mwone kwamba hakuna kanuni moja ya dunia nzima, na kwamba uzoefu wa ndugu yako aliyenunua mahali pengine unaweza kukuponza. Kabla ya kusaini, muulize wakili wako swali moja: ripoti ikija mbaya, natokaje, na kutoka kutanigharimu nini? Akianza kuzunguka, mwombe akuonyeshe mstari wenyewe kwenye mkataba.

Na huo mstari usomwe neno kwa neno. Kuna mikataba inayosema mnunuzi anaweza kughairi iwapo ukaguzi hautamridhisha. Kuna mingine inayosema anaweza kughairi iwapo itapatikana kasoro kubwa ya kimuundo. Tofauti ni kubwa mno. Wa kwanza unakuachia uamuzi wewe. Wa pili unafungua mabishano: kubwa ni ipi? Nyaya za umeme zilizochakaa nyumba nzima, je, huo ni muundo? Paa linalovuja? Muuzaji atasema hapana, wewe utasema ndiyo, na arubuni yako itakaa imefungiwa huku mawakili wakiandikiana barua. Mimi nikipewa nafasi ya kuchagua kati ya bei kupunguzwa kidogo na kupata yale maneno ya kwanza, nitachukua maneno.

Halafu hesabuni siku. Watu wengi hukubali muda wowote wanaopewa kwa sababu wanafikiri ukaguzi ni kazi ya asubuhi moja. Kutembelea nyumba, sawa, ni saa chache. Lakini mkaguzi naye ana ratiba yake, ripoti inahitaji kuandikwa, na ikija, karibu kila mara itakuwa na mstari unaosema: aitwe mhandisi wa miundo, aitwe fundi umeme mwenye leseni, aitwe mtaalamu wa mchwa. Huyo wa pili naye anahitaji siku zake. Mkataba ukikupa siku saba tu, siku ya tano ndiyo kwanza umejua kwamba hujui. Mpigie mkaguzi kabla ya kusaini, ujue lini ana nafasi. Ujue kama siku zinazohesabiwa ni za kazi au zote, na zinaanza kuhesabiwa lini. Ukiona muda hautoshi, omba uongezwe kwa maandishi na upate jibu lililosainiwa. Dalali akikwambia kwenye simu "usijali, hakuna shida", hilo halijaongeza hata saa moja.

Sasa ripoti yenyewe.

Mkaguzi hutazama kinachoonekana na kinachofikika. Hatoboi ukuta, hahamishi kabati, hang'oi zulia lililogundishwa sakafuni. Kwa kawaida haingii kwenye tangi la maji taka, hapimi mipaka ya kiwanja, wala hafuatilii kama chumba cha nyuma kilijengwa kwa kibali. Hayo yana watu wake. Kwa hiyo ukisoma ripoti, tafuta kwanza sehemu zilizoandikwa "hapakufikika". Wanunuzi wengi huziruka kwa sababu hazina picha wala alama nyekundu. Chukua mfano wa sentensi kama hii: "Nafasi iliyo juu ya dari haikufikika, mlango wake umezibwa na kabati." Maana yake ni kwamba hakuna binadamu aliyeziona kenchi za nyumba unayotaka kununua. Mkaguzi hajui kama mbao zimeoza, hajui kama kuna mchwa, hajui kama maji yanapenya. Muuzaji aombwe kwa maandishi ahamishe kabati, mkaguzi arudi. Akikataa, hilo nalo ni jibu.

Msichanganye ukaguzi na uthamini pia. Mthamini wa benki anakwenda kuangalia kama nyumba inatosha kuwa dhamana ya mkopo. Benki ikiridhika, imejiridhisha yenyewe kwa ajili ya pesa zake. Haikukuahidi wewe kwamba bomba la chini ya sakafu ni zima. Na ripoti aliyokuletea muuzaji? Zipo nchi zilizoliweka hilo katika utaratibu. Scotland, tangu Desemba 2008, nyumba nyingi zinazotangazwa kuuzwa lazima ziwe na ripoti ya hali yake iliyoandaliwa kabla. Denmark wana mfumo unaounganisha ripoti na bima ya kasoro zilizojificha, na umekuwepo tangu 1996. Ni mifumo mizuri, maana mnunuzi anajua mapema. Pasipo na utaratibu kama huo, ripoti ya muuzaji ipokee kwa heshima, uliza imeandikwa lini na mkaguzi anawajibika kwa nani, kisha tafuta wako.

Ripoti inaweza kuwa na kurasa hamsini au sitini, na hapo ndipo watu wanapotelea. Bawaba imelegea, soketi haijakaza, kigae kimoja bafuni kinatoa sauti ya uwazi, bomba la jikoni linadondosha. Mtu anasoma hayo yote, anaishiwa nguvu, na akifika ukurasa wa arobaini anasoma "mhandisi aitazame" kwa macho yale yale aliyosomea habari za bawaba. Nyumba yenye orodha ndefu inaweza kuwa nzima kabisa. Yenye orodha fupi inaweza kuwa ndiyo ya kukimbia. Vitu vidogo hata nyumba mpya inavyo. Wewe tafuta yanayohusu ardhi chini ya nyumba, maji, umeme na paa.

Nyufa zinawatisha watu kuliko kitu kingine, mara nyingine bila sababu. Wakaguzi wa Uingereza hutumia ngazi za upana zilizotoka kwa taasisi yao ya utafiti wa majengo, na ni ngazi zinazosaidia mahali popote. Ufa usiozidi milimita 1 ni mwembamba, unamalizwa wakati wa kupaka rangi. Mpaka milimita 5 unazibwa, na milango inaweza kuwa imeanza kukwama kidogo. Kati ya milimita 5 na 15, hapo kuna matofali ya kubadilisha, na mabomba yanaweza kuwa yamepasuka. Ukizidi milimita 25, jengo linaweza kupoteza uthabiti wake. Lakini upana peke yake hautoshi. Tazama ufa unaelekea wapi: unashuka kwa ngazi ngazi kufuata maungio ya matofali kutoka kona ya dirisha? Ni mpana juu kuliko chini? Umetokea upande wa pili wa ukuta? Ufa wa kulala, ulionyooka katikati ya ukuta unaozuia udongo, una maana udongo unasukuma ukuta ndani, na huo siupendi hata ukiwa mwembamba. Kubwa kuliko yote, je, bado unatembea? Ufa wa zamani uliotulia ni historia, unaoendelea ni gharama. Methali yetu ya ufa na ukuta mnaijua wote, ila kwa mnunuzi ufa ulio wazi ni afadhali kuliko uliozibwa wiki iliyopita, kwa sababu ulio wazi unapimika.

Maji nataka nikae nayo kidogo, kwa sababu nyumba nyingi zinazoharibika huharibiwa na maji.

Umeingia sebuleni. Kuta tatu rangi yake imefifia, ya nne inang'aa na bado inanukia. Ukisogea unaona ubao ule wa chini, unaokutana na sakafu, umevimba. Ukiubonyeza kwa kidole gumba unabonyea. Kipima unyevu kikigusishwa hapo namba inapanda, na mita moja juu yake inashuka. Unatoka nje, upande wa pili wa ukuta huo huo, unakuta unga mweupe juu ya matofali. Hiyo ni chumvi: maji yamepita ndani ya tofali, yakaibeba, yakakauka usoni na kuiacha pale. Ukiinua macho unaona gata imekatika na maji ya paa yanamwagikia hapo hapo. Ukiinamisha macho unaona bustani imepandishwa udongo hadi ukapita usawa wa sakafu ya ndani.

Kwenye ripoti haya yote yanaweza kuwa mstari mmoja: "Unyevu mwingi, ukuta wa mashariki, sababu ichunguzwe." Mnunuzi mmoja atakimbia kwa huo mstari, mwingine atasema atapaka rangi. Wote wawili wameamua kabla ya wakati. Gata hutengenezwa kwa siku moja, na udongo wa bustani huondolewa kwa koleo. Lakini kama chanzo ni bomba lililopasuka chini ya sakafu, au nyumba imejengwa mahali maji ya ardhini yako juu, hiyo ni habari nyingine kabisa, na pengine haina mwisho. Doa ni lile lile. Baki au ondoka kwa kujua chanzo chake. Ndiyo maana nilisisitiza siku: chanzo hakijulikani kwa haraka.

Iko kesi moja ya jimbo la Florida, Marekani, Johnson dhidi ya Davis, ambayo kila mnunuzi angefaa kuijua. Mei 1982, Davis na mkewe walisaini kununua nyumba yenye umri wa miaka mitatu tu kwa dola 310,000. Waliweka arubuni ya dola 5,000, na nyingine 26,000 zilitakiwa baadaye. Kabla ya kulipa hizo za pili, mke aliona plasta imevimba na kubanduka kwenye kona ya dirisha, na madoa darini. Muuzaji akamwambia dirisha lilikuwa na tatizo dogo lililokwisha kutengenezwa zamani, na madoa ni gundi ya karatasi za ukutani na matokeo ya kuhamishwa kwa boriti za dari. Wakalipa. Siku chache baadaye ikanyesha mvua kubwa, mume akaingia ndani, akakuta maji yanabubujika kwenye fremu ya dirisha, darini, kwenye taa, kwenye milango ya vioo, hata kwenye jiko. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya Florida iliamua warudishiwe pesa zao, na ikaweka kanuni kwamba muuzaji anayejua jambo linalogusa thamani ya nyumba, ambalo mnunuzi hawezi kuliona kwa urahisi, ana wajibu wa kulisema.

Walishinda, naam. Lakini tazameni tarehe hizo mbili. Haki yao waliipata baada ya miaka, mahakama juu ya mahakama. Yule mama aliiona dalili mapema, akauliza swali sahihi, ila jibu alilipokea kwa mtu mwenye faida katika jibu. Dalili kama ile apelekewe fundi wa paa aliyelipwa na mnunuzi, na pesa ya pili isitoke kabla hajashuka kwenye ngazi.

Umeme nitaupitia haraka: nyumba isiyo na waya wa ardhi, kisanduku cha sakiti chenye alama za kuungua, nyaya za alumini za miaka ya 1960 na 1970, haya yaitiwe fundi mwenye leseni na ujue gharama yake kabla ya muda kwisha. Piga simu kwa kampuni ya bima pia. Nyumba isiyokatiwika bima kwa kawaida benki haiikopeshei, na hapo suala limejimaliza lenyewe.

Ukishajua ukubwa wa tatizo, unaweza kumwomba muuzaji atengeneze, au apunguze bei, au ukajitoa. Mimi sipendi sana ile ya kwanza. Mtu anayehama hana sababu ya kutafuta fundi bora. Atatafuta wa haraka na wa bei nafuu, kisha atapaka rangi juu yake. Bei ikipunguzwa, fundi unamchagua wewe. Lakini iwe bei iliyopunguzwa kwa makadirio ya fundi yaliyoandikwa. Makadirio yakija na "itategemea tutakachokuta tukichimba", usidanganyike kwamba umepata punguzo. Umenunua shimo ambalo kina chake hakijulikani.

Na yapo mambo ambayo kwangu hayana bei. Msingi unaoendelea kuzama bila chanzo kujulikana. Nyumba iliyo kwenye njia ya maji ya mafuriko. Sehemu kubwa iliyojengwa bila kibali, ambayo mamlaka inaweza kuamuru ibomolewe. Muuzaji aliyekamatwa akificha jambo moja, kwa sababu hilo ndilo ulilolijua. Hapo jitoe.

Najua ni vigumu kuliko ninavyosema. Watoto wameshagawana vyumba. Mama mkwe ameambiwa. Pesa ya ukaguzi imeshatoka na unaona ikipotea bure. Dalali anakukumbusha kwamba kuna mnunuzi mwingine anasubiri mlangoni. Ndugu zangu, dalali kwa kawaida hulipwa biashara ikikamilika. Anaweza kuwa mtu mwema kabisa, na bado malipo yake yanaelekea upande mmoja. Kama mwingine anasubiri, basi muuzaji hatadhurika ukiondoka. Na ile pesa ya ukaguzi imefanya kazi yake siku ile ilipokuonyesha msingi unaozama. Wanandoa ambao hawajakubaliana, nawaomba hivi: kabla ya kumwita mkaguzi, kaeni mwandike kiasi cha matengenezo ambacho mkikivuka mtaondoka. Andikeni mkiwa bado mmetulia, maana mkishaipenda nyumba mtaanza kujadiliana na nafsi zenu.

Barua ya kujitoa iwe fupi. Taja mkataba na tarehe yake, taja kipengele unachokitumia, sema unajitoa, omba arubuni irudishwe, weka tarehe na saini. Ipelekwe kwa njia iliyotajwa kwenye mkataba na kwa mtu aliyetajwa, kabla ya saa ya mwisho, na ubaki na ushahidi kwamba imepokelewa. Usimshambulie muuzaji, usiandike kurasa za malalamiko. Kila neno la ziada ni kitu cha kubishaniwa. Kuhusu kuambatanisha ripoti, fuata mkataba unavyosema na umuulize wakili wako.

Dada mmoja aliniuliza pale nje kabla hatujaanza: na kama muuzaji atakataa kurudisha arubuni? Jibu lake linategemea nani ameishika. Ikiwa mkononi mwa muuzaji mwenyewe, pengine ameshaitumia, na unayo haki lakini huna pesa. Ikiwa kwa mtu wa tatu, wakili au akaunti ya amana, haiwezi kuguswa na upande mmoja. Itakaa pale mpaka mkubaliane au chombo chenye mamlaka kiamue. Kwa hiyo siku ya kuilipa, sharti liwe ishikwe na mtu wa tatu, na stakabadhi itaje mkataba na kile kipengele cha ukaguzi. Muuzaji asiyetaka hilo, arubuni yako isimfikie.

Wenye ripoti zao leo, zileteni hapa mezani. Tuanze na kurasa zilizoandikwa "hapakufikika", kisha tuhesabu siku zilizobaki.